Trekta Kubwa Bila Fundi: Kutoka Kongwa 1947 Mpaka Kwetu Kasongo na Kabambare



Kuna wazo moja ambalo halikomi kurudi kila wana-Maniema tunapokaa pamoja. Tuchange dola, tununue trekta moja kubwa la zamani, la nguvu za farasi 100 au zaidi, likodishwe kwa wakulima wa kwetu, lijilipe lenyewe. Wazo si baya hata kidogo. Mama zetu na dada zetu bado wanainama na jembe kutoka alfajiri, na kijana akiona migodi ya dhahabu ya Salamabila upande huu na jembe upande ule, tunajua atakwenda wapi. Trekta jipya la nguvu hiyo bei yake haishikiki. Kuukuu linapatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kwa hiyo watu wanasema, tunangoja nini?

Mimi nasema tungoje kidogo, tuulize historia. Upande wetu huu wa Afrika umekwisha kulipa ada ya somo hili mara nyingi, na ada ilikuwa ghali. Ukisoma habari za matrekta tangu mwaka 1947 mpaka leo, unakuta jambo moja linajirudia: trekta liliishi pale palipokuwa na fundi, pyesi na shamba lililong'olewa visiki. Pale vitu hivyo vitatu vilipokosekana, hata trekta jipya lilikufa mapema, na fedha zikafa nalo. Twende polepole.

1. KWETU: JEMBE BILA PLAU

Kasongo ni mji wa kilimo tangu zamani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, alifanya makao yake pale kuanzia karibu mwaka 1875, na Kabambare ilikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara ya kutoka Ujiji. Wangwana walikuja na mpunga, na mpunga ukapenda nchi yetu. Jeshi la Dhanis lilipoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi lile, aliandika kwa mshangao juu ya mashamba aliyoyakuta kuzunguka mji. Lakini tusijidanganye. Mashamba yale yalilimwa kwa jembe la mkono, na mikono ile mingi ilikuwa ya watumwa.

Ikaja Leta. Majaribio ya pamba yalifanyika Maniema kabla tu ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na kuanzia mwaka 1917 kilimo cha lazima kikapewa nguvu ya sheria. Mtu alipimiwa shamba lake, moniteri wa kilimo akapita kukagua, kapita akaandika majina, na aliyekosa alijua kinachomngoja. Pamba iliuzwa kwa kampuni kwa bei iliyopangwa na wengine. Sasa tazama kitu kimoja ambacho wengi hatukifikirii. Mashine zilikuja kweli: mashine za kuchambua pamba, malori, garimoshi la reli ya Kindu na Kongolo, mashine za migodi. Injini zilifika Maniema mapema. Lakini hazikuingia shambani. Zilitumika kuchukua mazao, si kulima. Mkulima alibaki na jembe lile lile la babu yake.

Na katikati ya jembe na injini hapakuwa na kitu. Sehemu nyingi za Afrika zilipita kwanza kwenye plau ya ng'ombe. Mkulima akajifunza kunyoosha mistari, kung'oa visiki, kutunza chuma, kulipisha jirani kwa kazi ya siku. Kwetu mbung'o alizuia. Katika mabonde yenye msitu na majani marefu, ng'ombe wa kulima hakushika. Ndiyo maana tunapotaja trekta Kasongo au Kabambare, tunataja kuruka ngazi mbili kwa mara moja. Mwalimu Nyerere aliwaambia mara nyingi watu wake kwamba kutoka jembe la mkono mpaka plau ya ng'ombe tu kungekuwa hatua kubwa. Sisi hata hatua hiyo hatukuipata.

2. KONGWA: MASHINE NYINGI, FUNDI WACHACHE

Sasa tufuate ile njia ya zamani ya misafara kurudi mashariki: Kabambare, Ujiji, Tabora, mpaka Ugogo. Huko, karibu na Mpwapwa, kuna mahali panaitwa Kongwa. Pale ndipo lilipotokea darasa kubwa la kwanza la trekta katika nchi za Waswahili.

Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield ukatembelea nchi, ukarudi na mpango wa ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Gharama ilikisiwa pauni milioni 25. Waziri wa chakula, John Strachey, akaupigania. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na shabaha ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa ekari 150,000.

Matrekta mapya hayakupatikana, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inayataka. Basi wakanunua kuukuu. Walikwenda mpaka Ufilipino, kwenye maghala ya jeshi la Marekani, wakanunua mabuldoza yaliyotumika vitani. Walichukua hata vifaru vya Sherman, wakavipeleka kiwandani kwa Vickers vigeuzwe matrekta, vikaitwa Shervick. Fikiri, ndugu: kifaru cha vita kinakuja kulima karanga!

Karatasini nguvu ya farasi ilitosha. Ardhini mambo yalikuwa mengine. Kichaka cha Kongwa kilikuwa kimefungamana, na mibuyu ilisimama katikati kama nyumba. Mizizi iliyobaki chini ilipinda plau. Udongo ulikuwa na chembe za mchanga mkali zilizokula chuma kama tupa, na kiangazi ukakauka kama saruji. Mashine zile za vita hakuna aliyejua zimekwisha kufanya kazi saa ngapi. Pyesi za aina moja hazikuingia katika aina nyingine. Garaje kubwa ilikuwa bado haijakaa sawa, na madereva wengi walikuwa wanajifunza usukani kwa mara ya kwanza, kwenye mashine za tani nyingi. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Badala ya ekari 150,000, zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafunga hesabu. Hasara: pauni milioni 36 hivi.

Wengi wakisimulia Kongwa wanacheka ujinga wa Wazungu, kisha wanapita. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Walileta mashine kwanza, halafu ndipo wakatafuta fundi, pyesi, maji na hali ya udongo. Mpangilio huo huo tumeurudia sisi wenyewe baada ya uhuru, bila Mzungu kutulazimisha.

Uganda, kwa mfano. Miaka ya 1960 serikali ya Obote ilianzisha mashamba ya vikundi, ikapeleka matrekta ya serikali kuwalimia wakulima wa pamba. Bei ya kulimiwa iliwekwa chini ili mkulima afurahi. Lakini trekta lilitembea muda mrefu barabarani kati ya shamba na shamba, likiharibika lilingoja pyesi kwa majuma, na dereva alilipwa mshahara wake trekta likilima au likilala. Mapato hayakufikia gharama. Kabla miaka ile ya 1960 haijaisha, mengi ya mashamba yale yalikuwa yameshindwa.

3. ISMANI: PALE TREKTA LA KUKODI LILIPOFANYA KAZI

Basi hakuna mahali lilipofaulu? Lipo. Kaskazini ya mji wa Iringa, kwenye barabara ya Dodoma, kuna nchi ya Ismani. Kuanzia miaka ya 1950 watu walihamia kule kulima mahindi. Nchi ilikuwa wazi, tambarare, miti michache, na barabara kuu ilipita karibu. Wakulima wenye nguvu walinunua matrekta, wengine mamia ya ekari wakalima. Na mwenye trekta hakulima lake peke yake. Akimaliza lake, alimlimia jirani kwa malipo. Njo kazi hiyo tunayoiota sisi.

Kwa nini Ismani iliwezekana na Kongwa haikuwezekana, na zote ziko katika nchi moja? Tazama tofauti. Mwenye trekta wa Ismani alikuwa mwenyewe shambani. Plau ikigonga jiwe, ni mfuko wake uliougua. Mashamba yalipakana, kwa hiyo trekta halikupoteza siku barabarani. Iringa mjini ilikuwa karibu, na mji ule ulikuwa na maduka na watu wa garaje. Mahindi yalikuwa na mnunuzi, kwa hiyo jirani aliweza kulipa.

Lakini Ismani ina upande wake wa pili, na tusiufiche. Trekta lilizidisha tofauti kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Wengine wakawa na mamia ya ekari, wengine wakawa vibarua wao. Udongo uliolimwa mahindi mwaka kwa mwaka bila kupumzishwa ukachoka. Halafu siasa ya Ujamaa ikaja kuwataka wenye mashamba makubwa waingie vijijini. Siku ya Krismasi 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, katika ugomvi wa shambani. Klerruu akafa, Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Ni kisa ambacho Tanzania haikukisahau. Ugomvi ulikuwa juu ya nani atalima ardhi ipi, kwa nguvu ya nani.

Kisa kingine cha ardhi kiko Hanang. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Kanada iliisaidia Tanzania kulima ngano huko Basotu kwa mtindo wa kwao, matrekta makubwa na mashine za kuvuna, chini ya shirika la taifa la NAFCO. Mashamba makubwa saba yakaanzishwa. Kwa upande wa mashine, kazi ilikwenda: palikuwa na karakana, palikuwa na mafunzo, pyesi zilikuja kutoka Kanada. Lakini malisho yale yalikuwa ya Wabarabaig, na kesi zao za kudai ardhi zilifika mahakamani. Msaada wa Kanada ulipokwisha miaka ya 1990, mashamba yakadhoofika. Kwa hiyo hata garaje nzuri, kama mfereji wake wa pyesi unategemea mfadhili mmoja, siku mfadhili akiondoka inafungwa.

4. ZAIRE NA KONGO: GARAJE ILIYOFUNGWA

Turudi nyumbani. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitoa hotuba ya zairianisation. Maduka, mashamba ya biashara na makampuni ya wageni yakapewa Wazaire waliochaguliwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa nzuri, nchi iwe mikononi mwa wenyewe. Lakini wengi waliopewa hawakuijua kazi. Waliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, na rafu zilipobaki tupu hawakujua aliyeziagiza aliziagiza wapi. Kwa mtu wa mashine hiyo ilikuwa pigo. Mnyororo wa pyesi ulikuwa unapita katika maduka yale. Ukikatika, lori linasimama kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kidole.

Na vita je? Simba mwaka 1964, AFDL mwaka 1996, RCD mwaka 1998, kisha Mai-Mai na wengine. Kila vita ilichukua mafuta, betri, magurudumu, na mara nyingi ilimchukua fundi mwenyewe. Reli iko ng'ambo ya Lualaba, upande wa magharibi, na Kasongo iko mashariki. Kabambare iko mbali zaidi. Kila lita ya mazuti na kila filta inalipa nauli mara mbili tatu kabla haijafika.

Katika miaka ya kuelekea uchaguzi wa 2011, serikali ya Kinshasa iligawa mamia ya matrekta kwa mikoa ya nchi. Picha zilikuwa nzuri, matrekta yamepangwa mstari, rangi inang'aa. Swali la nani atayafunga yakifunguka halikupigwa picha. Kisha tarehe 15 Julai 2014 ukazinduliwa mradi wa Bukanga Lonzo, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kinshasa: hekta 80,000, ubia na kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Africom, matrekta makubwa mapya. Waziri mkuu wakati ule alikuwa Augustin Matata Ponyo, mtoto wa Maniema yetu. Mwaka 2017 Africom ilikuwa imekwisha kuondoka, na mashine zikabaki porini. Habari ya fedha zake ilifika mpaka Mahakama ya Katiba, iliyotoa hukumu Mei 2025, na hapa hatuirudii kesi hiyo. Sisi tunatazama chuma. Miaka karibu 70 baada ya Kongwa, mpangilio ulikuwa ule ule: mashine kwanza.

5. TREKTA KUUKUU LINAISHI VIPI

Wadogo zetu wanaosoma kilimo watanisamehe nikieleza ya kawaida, maana ndipo hesabu ilipo.

Trekta la zamani lina faida moja kubwa. Halina kompyuta. Pampu ya mazuti, nozeli, klachi ambayo mekanisye wa kwetu anaiita ambreyaji, giaboksi, hidroliki: vyote vinafunguliwa kwa spana na macho. Injini kama Perkins za Massey Ferguson zinajulikana na mafundi kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi, na pyesi zake bado zinauzwa. Kwa hiyo kuchagua trekta ni kuchagua kwanza fundi na duka. Trekta la nguvu za farasi 150 la aina ambayo hakuna mtu anayeijua kati ya Kindu na Kalemie ni sanamu ya chuma. La nguvu za farasi 80 ambalo fundi watatu wanalijua ni mali.

Adui zake ni wanne: vumbi, maji, joto na visiki. Vumbi likipita kwenye filta ya hewa linakula silinda na ringi za pistoni. Filta ya kizamani yenye oili ndani inataka kusafishwa kila siku wakati wa kulima. Maji katika mazuti yanaua pampu na nozeli, na mazuti yaliyosafiri katika mapipa na madumu mara nyingi yana maji na mchanga. Lazima yatulie, yachujwe. Joto linakuja radieta ikizibwa na mbegu za majani, na majani yetu ya nyika ni marefu. Visiki vinachana gurudumu la nyuma na kupinda plau, ndiyo maana katika nchi kama yetu plau ya sahani inafaa kuliko ya ulimi, maana sahani inapanda juu ya mzizi badala ya kuukamata. Kisha kuna oili ya injini, inayotaka kubadilishwa kila baada ya saa kadiri ya 200, na mashine ikichoka mapema zaidi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye trekta, usipobadili filta ya dola chache utanunua injini.

Sasa mazuti. Injini ya nguvu za farasi 100 ikivuta plau kwa bidii inakunywa kama lita 15 kwa saa. Plau ya sahani 4 inakata upana wa mita 1.2 hivi, kwa mwendo wa kilomita 5 au 6 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kusimama, unapata nusu hekta kwa saa. Hekta moja basi ni lita 30. Siku ya saa 8 ni hekta 4 na lita 120. Pipa la lita 200 halimalizi siku mbili. Ukitaka kulima hekta 200 kwa msimu, unataka siku 50 bila kuharibika na mapipa 30 ya mazuti yaliyokwisha kufika kabla ya mvua. Mapipa 30, ndugu! Yafike Wamaza au Lulindi, kwa barabara tunazozijua.

Na hiyo ni kama mashamba yanapakana. Sasa weka shamba la nusu hekta, kilomita 8 kutoka lilipo trekta. Saa moja inakwenda njiani kwenda na kurudi, saa moja kulima. Nusu ya kazi inapotea, na hakuna mkulima atakayekubali kulipa safari. Uzito nao una neno. Trekta kubwa na plau yake linapita tani 5, na daraja la miti lililotengenezwa kwa pikipiki na lori dogo linaweza lisilibebe.

6. KWETU TUANZIE WAPI

Msinielewe vibaya. Sisemi trekta haliwezi Kasongo na Kabambare. Tunayo nyika tambarare, tunayo mvua, tunao mpunga, mahindi na karanga, na walaji wako Kindu, Bukavu na migodini. Ninachosema ni kugeuza mpangilio.

La kwanza ni ardhi. Kabla ya kuchanga hata dola moja, kikundi cha wakulima wa kijiji kimoja, au vijiji viwili vinavyopakana, wapange mashamba yao pamoja, wang'oe visiki kwa mikono, wapime. Ikifika hekta 40 au 50 zinazopakana, trekta lina pa kusimama. Na wazee wa nchi, machifu na familia waandike mapema ardhi ni ya nani kabla na baada ya plau kupita. Ismani na Hanang zimetuonyesha bei ya kuliacha hilo baadaye.

La pili ni fundi. Tutume vijana wawili au watatu kwenye garaje ya mashine nzito, Lubumbashi au Kigoma, wakae mwaka mzima, wafungue injini na kuifunga. Wawe wawili au zaidi, maana mmoja peke yake akipata kazi mgodini tumebaki na chuma. Na wakirudi wawe na sehemu katika mali, wasiwe wa mshahara tu. Mtu anasikiliza injini vizuri zaidi kama ni yake.

La tatu ni sanduku. Fedha ya kununua trekta igawanywe mara mbili, nusu inunue trekta, nusu ibaki kwa pyesi, magurudumu na mazuti ya msimu wa kwanza. Kama fedha haitoshi hivyo, basi fedha haitoshi. Tuanze na mashine ndogo ya kukobolea mpunga, ifundishe kikundi chetu kuweka hesabu na kutunza injini, huku mama zetu wakipumzika mchi. Hapo fundi anapata mahali pa kujifunzia, na sanduku linaanza kujaa.

Najua kuna watakaosema huku ni kuchelewesha vijana. Lakini kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Michango inayozungumzwa ni ya walimu wasiolipwa kwa wakati, ya wauguzi, ya ndugu walio ng'ambo wanaofanya kazi za usiku. Ikizama katika trekta linaloota majani kando ya barabara, hakuna atakayechanga tena kwa jambo lolote, hata la shule.

Mwisho nina ombi. Historia ya mafundi wetu haijaandikwa. Wapo wazee Kasongo, Kabambare, Kibombo na Kindu waliofanya kazi kwenye mashine za pamba, kwenye malori ya makampuni, kwenye reli na migodi ya zamani. Wao walijua kuiponya injini bila pyesi, kwa kuchonga, kwa kulehemu, kwa kubadilisha. Mwenye baba au babu wa namna hiyo amkalie, amuulize alijifunza wapi, alifundisha nani, nini kilimshinda, na aandike hapa. Na mwenye kujua shamba la hekta 40 zinazopakana ambalo wenyewe wako tayari kung'oa visiki, naye aseme ni kijiji gani. Tuanze mazungumzo hapo.